Malaria Kali: Picha za Ubongo Zatufunza Nini?

Mwezi wa Agosti 2003 askari wa majini wa Marekani wapatao 290 walishuka pwani ya Liberia, karibu na mji wa Monrovia, ili kusaidia kurudisha amani. Adui aliyewaangusha hakuwa na bunduki. Askari 80 miongoni mwao waliugua malaria, na katika wale waliohojiwa baadaye hakupatikana hata mmoja aliyelala ndani ya chandarua.

Wako watakaosema kuwa hiyo ni habari ya wageni, na kwamba sisi tuliokulia penye mbu tumeizoea homa hiyo. Ni kweli kwamba mtu mzima aliyeugua mara nyingi hujipatia kinga fulani. Lakini kinga hiyo hupungua akikaa muda mrefu mahali pasipo malaria, na watoto wetu katika nyumba za kambi bado hawajaipata. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000, na wengi wao walikuwa watoto wadogo wa Afrika.

Kwa miaka mingi madaktari walifahamu kwamba chembe za damu zenye vijidudu vya malaria hunasa katika mishipa midogo ya ubongo, na mgonjwa hupoteza fahamu. Lakini ni kitu gani hasa kinachomkata roho? Jibu kubwa lilitoka Malawi, katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre. Huko Dokta Terrie Taylor na wenzake walitumia mashine ipigayo picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku. Matokeo yao yalitangazwa mwaka 2015. Katika watoto 168 waliougua malaria ya ubongo, 25 walifariki; na katika hao 25, watoto 21 walikuwa na ubongo uliovimba vibaya tangu walipopokewa hospitalini. Katika 143 waliopona, wenye uvimbe kama huo walikuwa 39 tu.

Maana yake ni dhahiri. Fuvu la kichwa ni mfupa, halitanuki. Ubongo ukivimba hukosa nafasi, hukandamiza shina lake ambalo ndilo linaloongoza pumzi, na mgonjwa huacha kupumua. Lakini picha zilizorudiwa zilionyesha pia kwamba kwa wale waliopona uvimbe ulipungua upesi. Basi, anayeweza kuvushwa katika saa zile za hatari ana matumaini makubwa.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba kila mwenye homa aliyepoteza fahamu ana malaria ya ubongo. Uchunguzi wa maiti za watoto huko huko Blantyre, uliotangazwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba 7 kati ya 31 waliodhaniwa kufa kwa malaria ya ubongo walikuwa wameuawa na maradhi mengine. Daktari mwenye kifaa kidogo cha kuchungulia nyuma ya jicho aweza kuona alama za ugonjwa huo pasipo mashine kubwa.

Kwa askari mtu mzima, hatari haikai kichwani peke yake. Figo zaweza kusimama kazi, na mapafu kujaa maji, jambo ambalo eksirei ya kifua hulionyesha. Wengu huvimba na mara chache hupasuka, hata kwa kipigo kidogo; altrasaundi huonyesha damu iliyomwagika tumboni.

Mashine ya sumaku ni ghali na haitafika katika kila kituo cha mpakani. Lakini fundisho lake laweza kufika leo. Sindano ya artesuneti ipo: majaribio yaliyofanywa kwa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, yaliyotangazwa mwaka 2010, yalionyesha kwamba katika waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, na katika waliopewa artesuneti asilimia 8.5. Sindano hiyo ifuatwe na dozi kamili ya vidonge mgonjwa awezapo kumeza. Dawa hiyo huua vijidudu, lakini haiwezi kumfufua aliyecheleweshwa nyumbani.

Tunajua desturi ya askari ya kuficha homa ili asiitwe mvivu. Hapana budi desturi hiyo ife. Homa ipimwe siku ile ile. Degedege, usingizi usioamshika, pumzi ya haraka, macho ya manjano au mkojo mweusi ni amri ya kwenda hospitali mara moja, hata usiku wa manane. Na mkuu wa kambi anayeombwa gari saa hiyo akumbuke zile picha za Blantyre: ndani ya fuvu la mtoto yule nafasi inakwisha.