Shingo yako, mama (Sehemu ya 4): Mchochota wa thairoidi si hukumu ya saratani

Mama, kabla hujaendelea kusoma, gusa shingo yako. Mbele, chini kidogo ya kikoromeo, kuna tezi ndogo yenye umbo la kipepeo. Hiyo ndiyo thairoidi. Vitabuni wanaiita dundumio. Mtaani tunaikumbuka ikishavimba tu, ndipo tunasema fulani ana goita.

Sehemu tatu zilizopita tuliongea kuhusu kazi yake: ndiyo inayopanga mwili uende kwa kasi gani. Mapigo ya moyo, joto la mwili, choo, hedhi, mpaka usingizi. Leo nilipanga tuongee kuhusu chakula, lakini nimeahirisha kwa sababu ya ujumbe mmoja.

Dada mmoja anayenifuatilia hapa, mwenye mtoto wa miezi 7, alinitumia picha ya majibu ya maabara saa nane usiku. TSH iko juu, kingamwili za thairoidi ziko juu, na chini daktari ameandika "Hashimoto". Akaniuliza: "Sista, nimesoma kwamba hii inageuka kansa. Mwanangu nani atamlea?" Ameniruhusu nieleze bila jina lake.

Nilimpigia asubuhi. Kumbe ameshaacha vidonge alivyoandikiwa, na ameshatoa nusu ya hela ya kodi ya nyumba kununua dawa ya unga "inayosafisha mchochota ili kansa isiingie".

Wiki hiyohiyo akaja mama mwingine kazini kwetu, amejifunga mtandio shingoni na jua lote lile. Chini ya mtandio kuna uvimbe mgumu kama limao. Ulianza kama punje ya harage miaka miwili nyuma. Kila akiusema, nyumbani wanamjibu, "Hiyo goita tu, mbona hata bibi alikuwa nayo." Sasa sauti imeanza kukwaruza. Majibu ya kipimo: saratani ya thairoidi, na imeshafika kwenye tezi za limfu za shingo.

Mmoja anakosa usingizi kwa kitu ambacho huenda kisimpate kamwe. Mwingine aliambiwa atulie wakati alitakiwa kukimbilia hospitali. Nawaandikia kwa ajili ya wote wawili.

Mchochota ni nini hasa?

Ukijikata kidole, pale panakuwa pekundu, panapata moto, panavimba, panauma. Hiyo ni kinga ya mwili iko kazini, inapigana na vijidudu na kukarabati. Ndiyo tunaita mchochota. Ni jambo jema, mradi uishe.

Shida ni ule usioisha. Askari wa mwili wanapiga kambi mahali kwa miezi na miaka. Seli zinaharibiwa, zinajengwa upya, zinaharibiwa tena. Na kila seli inapojigawa, maelekezo yake ya ndani yanakiliwa upya. Ukinakili kitu mara elfu huku umezungukwa na kemikali kali za vita, siku moja utakosea herufi. Makosa yakirundikana, seli inaweza kusahau kanuni na kuanza kuzaliana ovyo. Hiyo ndiyo saratani.

Hili si jambo la kubuni. Daktari Mjerumani, Rudolf Virchow, aliona chembe nyeupe za damu ndani ya uvimbe wa saratani tangu 1863. Na sisi huku tunaijua mifano yake vizuri. Kichocho kisichotibiwa miaka mingi kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Homa ya ini aina ya B ikikaa inaweza kuleta saratani ya ini. Hapo uhusiano uko wazi kabisa.

Kwa hiyo dada yangu hakuwa mjinga kuogopa. Swali ni je, na kwenye thairoidi mambo ni hivyohivyo?

Hashimoto na saratani

Hashimoto ni jina la mtu. Hakaru Hashimoto, daktari wa Japani, mwaka 1912 aliandika kuhusu wanawake 4 waliokuwa na goita, na tezi zao zilipoangaliwa kwa hadubini zilikuwa zimejaa chembe nyeupe za damu. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inaishambulia thairoidi yako mwenyewe. Unatupata sisi wanawake kuliko wanaume kwa mbali sana. Tezi inachoka taratibu, na wewe unachoka nayo: baridi, uzito, choo kigumu, nywele kukatika, huzuni.

Mwaka 1955 madaktari wa upasuaji wa Marekani waliandika kwamba kwenye tezi walizozitoa, Hashimoto na saratani vilionekana pamoja mara nyingi. Tangu hapo mabishano hayajaisha, na ukiyaelewa hutatapeliwa tena.

Tafiti zilizoangalia watu waliokwishapasuliwa zinaonyesha uhusiano. Lakini jiulize, nani anapasuliwa thairoidi? Ni yule ambaye tayari ana kitu cha kutiliwa shaka. Watafiti walipoangalia watu wa kawaida zaidi, wale waliochomwa sindano tu kuchukua sampuli, uhusiano ule mara nyingi ulipungua sana au haukuonekana.

Halafu kuna swali la nani alitangulia. Saratani yenyewe inaweza kuita askari wa mwili waje kupigana nayo. Ukikuta moto na zimamoto mahali pamoja, usiseme zimamoto ndiye aliyewasha.

Na jambo ambalo wauza unga hawakwambii: wagonjwa wa saratani ya papilari, ile ya kawaida zaidi kwenye thairoidi, ambao pia wana Hashimoto, tafiti nyingi zimeona wanaendelea vizuri kuliko wasio nayo. Uvimbe mdogo zaidi, kusambaa kidogo zaidi, kurudi mara chache zaidi. Inawezekana askari walewale wanaoisumbua tezi wanaibana na saratani.

Nisikufiche upande wa pili pia. TSH ikikaa juu inaisukuma thairoidi ikue, na kwa watu wenye vinundu, TSH ya juu huenda pamoja na uwezekano mkubwa zaidi wa kinundu kuwa saratani. Na kuna saratani moja adimu sana, limfoma ya thairoidi, ambayo uhusiano wake na Hashimoto ni wa kweli kabisa. Dalili yake kubwa ni shingo kuvimba kwa kasi ndani ya wiki chache, mara nyingi kwa mama mtu mzima aliyekaa na Hashimoto miaka mingi.

Basi si wote tupigwe ultrasaundi ya shingo?

Najua utaniuliza hivyo. Jibu langu ni hapana, na sababu yangu ni Korea Kusini.

Kuanzia 1999 nchi hiyo ilianzisha mpango mkubwa wa kupima saratani. Thairoidi haikuwemo rasmi, lakini hospitali ziliongeza ultrasaundi ya shingo kwa bei ndogo, na watu wakajitokeza kwa wingi. Kufikia 2011, waliokuwa wakiambiwa wana saratani ya thairoidi walikuwa mara 15 ya wale wa 1993. Mara 15, mama! Lakini idadi ya waliokufa kwa saratani hiyo haikubadilika. Maana yake walikuwa wakigundua visaratani vidogo ambavyo vingelala humo mpaka mtu afe uzeeni kwa jambo lingine. Wengi walitolewa tezi na wakabaki na vidonge maisha yote. Wengine walipata shida ya kalsiamu, na wachache sauti ziliharibika.

Kupima kila shingo ili kutuliza hofu kuna gharama yake, na analipa mwenye shingo.

Msimamo wangu

Mimi nasema hivi: mchochota wa thairoidi unatibiwa kama mchochota wa thairoidi. Hautibiwi kama saratani inayokuja. Kinachoamua kama uangaliwe kwa saratani ni uvimbe wenyewe na dalili zake, siyo neno Hashimoto kwenye karatasi.

Na nawaambia wenzangu wa kada ya afya, najua baadhi mnasoma hapa. Tukimpa mama karatasi yenye neno la Kijapani na herufi tatu, tukamwambia "kameze hizi, next", tumemtuma wenyewe kwa muuza unga. Yule angalau anakaa naye, anamsikiliza, anamwita mama. Dakika tano za kueleza zingemwokolea dada yangu hela ya kodi. Foleni ni ndefu, najua, hata mimi nimewahi kufanya hivyo. Lakini tukubali kwamba ni kosa.

Wewe ufanye nini

Kwanza, jitazame. Simama mbele ya kioo, inua kidevu, kunywa maji kidogo, tazama shingo wakati unameza. Ukiona kitu kinapanda na kushuka upande mmoja, nenda hospitali. Usikate tamaa: vinundu vya thairoidi ni vya kawaida sana, na karibu 9 kati ya 10 si saratani. Lakini anayejua ni daktari, siyo shangazi.

Usisubiri hata wiki ukiona haya: uvimbe mgumu au unaokua haraka, sauti kukwaruza zaidi ya wiki 3 bila mafua, kumeza kwa shida, kupumua kwa shida, au vitezi pembeni mwa shingo visivyopungua. Vilevile kama kwenye familia kuna mtu aliyeugua saratani ya thairoidi, au ulipigwa mionzi ya matibabu shingoni ukiwa mtoto, mwambie daktari hata asipouliza.

Hospitali wataanza na ultrasaundi na kipimo cha damu. Kinundu chenye dalili mbaya huchukuliwa sampuli kwa sindano nyembamba. Kidogo chini ya sentimita 1 mara nyingi huangaliwa tu. Na hata ikiwa saratani, ya papilari ikiwahiwa hupona kwa wagonjwa walio wengi sana. Kama unanyonyesha au una mimba, sema mapema, maana matibabu ya madini joto yenye mionzi hayafanywi ukiwa katika hali hizo.

Pili, kama umeandikiwa levothiroksini, meza. Asubuhi, tumbo tupu, kwa maji, nusu saa mpaka saa moja kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu vikae mbali nayo saa 4. Kunyonyesha unaendelea kama kawaida. Ukikosa hedhi tu ukahisi ni mimba, wahi kliniki, kwa sababu dozi mara nyingi huongezwa, na ubongo wa mtoto miezi ya mwanzo unategemea homoni yako wewe.

Tatu, tumia chumvi yenye madini joto, ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, itie chakula kikikaribia kuiva. Lakini kuzidisha nako kuna madhara. Mwani una madini joto, na mwenye Hashimoto asiubugie kwa vijiko kwa sababu tu jirani amesema unasafisha. Madini joto mengi kupita kiasi yanaweza kuichokoza zaidi tezi iliyo na mchochota.

Nne, hii ni ya mama aliyejifungua karibuni. Takribani mama 1 kati ya 20 hupata mchochota wa thairoidi ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kujifungua. Unaanza na moyo kwenda mbio, jasho, kukonda, mikono kutetemeka. Baadaye inageuka: uchovu wa ajabu, baridi, huzuni, kusahau. Wote wanakwambia "si unanyonyesha, utachoka tu". Wengi hupona wenyewe ndani ya mwaka, wengine tezi hubaki imechoka na wanahitaji dawa. Si saratani, wala si uvivu, na wewe si mama mbaya. Omba upimwe TSH.

Na baba unayesoma simu ya mkeo, hii inakuhusu. Akisema amechoka kuliko kawaida, usimlinganishe na mama yako aliyelea watoto tisa. Mpeleke.

Wako wapi sasa

Dada yangu amerudia vidonge. Daktari alipomgusa shingo alitaka kuhakikisha, akampima ultrasaundi: tezi ina mchochota, kinundu hakuna. Atarudia kipimo cha damu baada ya wiki 6. Hela ya unga haikurudi. Ameniambia ameanza kulala, mtoto akimruhusu.

Mama wa mtandio amefanyiwa upasuaji na anaendelea na matibabu. Nafasi yake bado ni nzuri, ila safari imekuwa ndefu kuliko ambavyo ingekuwa kwa ile punje ya harage. Siku anaruhusiwa aliniambia, "Sista, waambie wasifunike."

Basi nimewaambia. Mwenye mama, dada au wifi anayevaa mtandio hata kwenye joto, mtumie hii. Sehemu ya 5 tutarudi kwenye chakula, kama nilivyoahidi.