Joto la Mapaa na Maandishi ya Fundi

Kaskazi inapoingia, na jua la Januari na Februari likasimama juu ya visiwa vyetu, mwananchi aliyeezeka bati hupata adhabu ambayo babu yake chini ya paa la makuti hakuijua. Bati lilikuja likapokewa kwa furaha, na kwa haki, maana haliungui upesi kama makuti wala halidai kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Lakini bati hupokea moto wa jua mchana kutwa na kuumwaga chini, juu ya kichwa cha mgonjwa, cha mtoto mchanga na cha mwanafunzi anayesoma.

Ndipo watu wengi sasa wakaanza kutafuta mafundi wa kuwakinga na joto hilo. Jambo hili ni jema, nasi tunaliunga mkono. Mwenye nyumba iliyopoa hahitaji kuendesha feni usiku na mchana. Tena wananchi wa Unguja hawajasahau miezi mitatu ya giza, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini uletao umeme kutoka Bara ulipoharibika. Feni zilisimama, viyoyozi vikawa mapambo ya ukutani, na paa likabaki lile lile.

Tunachokisikitikia ni namna kazi hii inavyofanywa. Mara nyingi fundi hupatikana barazani, bei hukatwa kwa mdomo, na theluthi mbili za fedha hutolewa kabla ya msumari wa kwanza kupigwa. Akishazipokea, fundi huanza kazi ya mtu mwingine. Akirudi, hupigilia mbao za dari chini ya bati bila kuacha tundu hata moja la hewa, na joto likafungiwa juu humo kama mkate katika tanuri. Masika ya kwanza yakija, bati linavuja, dari inalowa, na mwenye nyumba anabaki na madoa na deni.

Aendapo kwa sheha kushitaki huulizwa swali moja tu: karatasi iko wapi? Karatasi hakuna. Sheha hana la kuamua, na tusimlaumu.

Ajabu ni kwamba sisi tuliokaa chuoni tukiwa watoto tumeisoma Sura ya Pili, na tunajua kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani inahusu jambo hili hili: deni la muda liandikwe, dogo au kubwa, na mwandishi mwadilifu, mbele ya mashahidi. Anayepokea arbuni leo kwa kazi ya wiki ijayo amekwisha kuwa mdaiwa. Wapo mafundi ambao, wakiombwa maandishi, huona wametukanwa, kisha hukumbusha Hadithi ya kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Hadithi hiyo tunaiheshimu. Lakini yahusu jasho lililokwisha kutoka, na fundi wa namna hii hajapanda hata ngazi.

Maandishi yenyewe si lazima yawe ya mwanasheria. Ukurasa mmoja wa Kiswahili watosha: kazi gani, vifaa gani na nani atavinunua, siku ya kuanza na ya kumaliza, na malipo kwa mafungu kufuata kazi iliyoonekana. Fungu la mwisho libaki mkononi mwa mwenye nyumba mpaka mvua kubwa ipite juu ya paa. Hapa hasa tunasisitiza, kwa sababu uvujaji hauonekani siku ya jua.

Na mwenye nyumba naye ajue anachokinunua. Karatasi ing'aayo ya alumini hurudisha joto endapo tu uso wake unaong'aa umeachiwa nafasi ya hewa. Ikibanwa kati ya bati na ubao, au ikifunikwa na vumbi, haina faida. Pamba ya kioo ni nzuri, ila ikilowa huacha kukinga, kwa hiyo bati linalovuja lizibwe kwanza. Asiye na fedha za hayo apake bati lake rangi nyeupe na kufungua matundu ya hewa pembeni mwa paa. Atapata nafuu kwa gharama ndogo. Wenye nyumba za mawe za Mji Mkongwe wana kinga ya urithi: kuta nene za mawe na chokaa. Anayewashauri kuzipiga plasta ya saruji awarudishiwe ushauri wake, kwani saruji hufungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta wa chokaa mpaka ukamomonyoka.

Liko jingine lenye hatari zaidi. Baadhi ya majengo ya zamani yameezekwa kwa asbesto, na tunajua kwamba vumbi lake likivutwa huweza kuleta saratani ya mapafu baada ya miaka mingi. Fundi anayelivunja paa hilo kwa nyundo, bila kulilowesha, bila kuziba pua, huku watoto wakicheza chini, anawadhuru wao na kujidhuru mwenyewe. Paa la namna hiyo lisiguswe kabla ya kuuliza watu wa afya na mazingira.

Zilipojengwa nyumba za Michenzani baada ya Mapinduzi, kazi ya kutafuta wajenzi ilikuwa ya Serikali, na mwananchi alikabidhiwa ufunguo. Leo kila mtu hujitafutia fundi wake. Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa Wilaya za Unguja na Pemba watayarishe mfano mmoja wa mkataba, kwa Kiswahili chepesi, uwekwe katika kila ofisi ya sheha, nakala moja ibaki hapo na saini za mashahidi wawili. Gharama yake ni karatasi na wino. Kaskazi ijayo haiko mbali.