Mbio ndefu: Moyo huchoka, ugonjwa uliojificha ndio huua

USHINDI wa Alphonce Simbu katika marathoni ya Mashindano ya Dunia jijini Tokyo, Septemba 2025, ni fahari kwa Tanzania. Mbio ndefu pia zimekuwa njia ya kutoa msaada: CRDB Bank Marathon, iliyoanza mwaka 2020, imechangia matibabu ya watoto wenye maradhi ya moyo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Swali ni je, moyo wa mkimbiaji mwenyewe uko salama kiasi gani?

Misuli ya moyo huchoka kama ya miguu. Baada ya kilomita 42, damu ya wakimbiaji wengi huonyesha ongezeko la troponini, protini inayotoka katika misuli ya moyo iliyoelemewa. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2012, uliohusisha wanamichezo 40, ulibaini kuwa chumba cha chini cha kulia cha moyo, kinachosukuma damu kwenda mapafuni, kilitanuka na kupungua nguvu baada ya mashindano. Kwa wengi kilirejea hali ya kawaida ndani ya wiki moja, ingawa watano walikutwa na makovu.

Hata hivyo, vifo ni vichache. Nchini Marekani, kati ya wakimbiaji milioni 10.9 wa marathoni na nusu marathoni kuanzia 2000 hadi 2010, mioyo ya 59 ilisimama ghafla na 42 walifariki. Wengi ambao sababu ilijulikana walikuwa tayari na ugonjwa, ama misuli ya moyo iliyonenepa kupita kiasi, ama mishipa iliyoziba. Kati ya 2010 na 2023, waliofariki walishuka hadi takribani theluthi moja ya walioanguka. Watafiti wanahusisha nafuu hiyo na huduma ya haraka ya kukandamiza kifua na mashine za kushtua moyo.

Hapo ndipo penye mtihani kwa Tanzania. Mkimbiaji akianguka Susuni, wilayani Tarime, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza, iko zaidi ya kilomita 200, ilhali ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika chache.

Kwa msingi huo, mwenye maumivu ya kifua, aliyewahi kuzimia akikimbia au aliyefiwa na ndugu kijana kwa ghafla apimwe kwanza. Nao waandaaji, kabla ya kuhesabu fulana na medali, wahesabu watu wanaojua kukandamiza kifua.