Mtoto wa Fukara ni Amana Yetu

Katika Sura Bani Israil, Mwenyezi Mungu amekataza watu kuwaua watoto wao kwa kuogopa ufukara, akaahidi kuwaruzuku wao pamoja na wazazi wao. Nani atadai kuwa katazo hilo liliwahusu Waarabu wa zama za ujahiliya peke yao?

Tutazame Handeni. Mvua zisiponyesha mahindi hukauka, na mtoto hushika ndoo kufuata maji badala ya daftari. Korogwe, penye mashamba ya mkonge, mzazi aliyeelemewa huona afadhali mwanawe akafanye kibarua. Binti naye hupelekwa mjini kuwa mtumishi wa nyumbani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa haki ya chakula, mavazi, matibabu na elimu. Ada ya shule za msingi ilifutwa mapema miaka ya 2000, na ya sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016. Lakini sheria haipiki uji wala haishoni sare.

Hapo ndipo ulipo wajibu wetu. Zaka inayotolewa sarafu sarafu mlangoni mwa msikiti humlisha mtu mchana mmoja. Ikikusanywa, humsomesha mtoto mwaka mzima. Basi kila msikiti uorodheshe watoto wa jirani wasiokwenda shule, na ujue sababu. Harusi tunazichangia kwa kadi. Je, sare ya yatima itushinde?

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuitunza amana hii. Amin.