Mtoto Anywe Supu, Lakini Ale na Nyama

Masika yamekwisha, upepo wa kusi umeanza kuvuma, na huku Kurui watu wanatoka nje asubuhi wakiwa wamejitanda kanga mbili. Kipupwe ndicho hiki. Hatupati sakitu kama ndugu zetu wa Makete, lakini kwa mtu aliyezoea joto la Pwani, usiku wa nyuzi 18 au 19 ni baridi ya kutosha kumsogeza jikoni. Na jikoni, majira haya, nyumba yenye uwezo hata mdogo haikosi sufuria ya supu.

Sisi wauguzi hatuna ugomvi na supu. Nasi tunaipenda, hasa baada ya zamu ya usiku. Ugomvi wetu ni juu ya nani anapewa nini kutoka katika sufuria ile.

Mwaka mmoja, majira kama haya, tulimpokea wodini mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne. Miguu ilikuwa imevimba, nywele zimekuwa nyepesi na za rangi ya kahawia, ngozi ya mapajani inabanduka, naye hacheki wala hataki kuguswa. Kadi yake ya kliniki ilionyesha kwamba uzito ulipanda vizuri mpaka mwezi wa nane, kisha ukasimama. Aliletwa na bibi yake. Tulipomwuliza mtoto anakula nini, bibi alijibu bila kusita: "Supu. Kila siku hapa hakosi supu."

Wala hakudanganya. Nyumba ile ilikuwa na kuku, ilikuwa na shamba la kunde, na mara mojamoja walinunua mfupa. Lakini vikishapikwa, mtoto alichujiwa maji yake, yakachanganywa na uji mweupe wa muhogo. Nyama waliila wakubwa kwa kuwa mtoto hana meno ya kutosha. Kunde nazo waliziacha kwa wakubwa, ati zitamjaza tumbo. Bibi yule alimpenda mjukuu wake kwa moyo wote, akampa kile alichoamini kuwa ndicho kiini cha chakula.

Jambo lililotusikitisha zaidi ni kwamba nyumbani walikwisha kuamua kuwa mtoto amebemendwa. Mama yake alikuwa hasemeshwi, na wiki tatu zilikuwa zimepotea kwa mganga. Wapendwa wasomaji, tuseme jambo hili wazi. Mtoto anayevimba miguu na kubadilika nywele namna hiyo ana utapiamlo mkali, uitwao unyafuzi au kwashakoo. Huwapata watoto wenye mlo duni, mara nyingi baada ya kuugua surua, kuharisha au homa za mara kwa mara. Hauletwi na baba wala mama kutoka nje ya ndoa, wala na wazazi kulala pamoja wakati mama ananyonyesha. Kila siku inayotumika kumtafuta mkosaji ni siku ambayo mtoto angekuwa anatibiwa, na ugonjwa huu unaua.

Imani kwamba nguvu ya nyama huhamia kwenye maji si ya Wazaramo peke yao. Wazungu waliishika muda mrefu. Huko Paris, mwanzoni mwa karne ya 19, maskini na wagonjwa wa hospitali walipewa supu iliyotengenezwa kwa jeli ya mifupa, wakiambiwa ni sawa na nyama. Wataalamu wakaunda tume, na mwaka 1841 Magendie akatoa taarifa yake: mbwa waliolishwa jeli hiyo peke yake hawakuweza kuishi kwayo. Naye Florence Nightingale, ambaye kila muuguzi hufundishwa habari zake, alionya katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859 kuhusu supu ya nyama waliyopewa wagonjwa wa Uingereza. Aliwaambia watu waichemshe supu hiyo mpaka maji yakauke, halafu waangalie kilichobaki. Katika nusu painti kilibaki kiasi cha kijiko kidogo tu. Hata hivyo hakuikataa. Alikubali kwamba inamchangamsha mgonjwa. Nasi hatuikatai.

Basi katika maji ya supu mna nini? Mna chumvi, mafuta kidogo, harufu nzuri inayoamsha hamu ya kula, jeli ya mifupa, na maji ya moto ambayo humfaa mwenye mafua. Chokaa ya mfupa haiyeyuki kirahisi, hata ukiutokosa tangu asubuhi hadi jioni. Vyakula vya kujenga mwili na sehemu kubwa ya madini ya chuma ya kuongeza damu vinabaki ndani ya nyama yenyewe, ndani ya kunde zenyewe, ndani ya dagaa mwenyewe. Tumbo la mtoto ni dogo. Likijazwa maji, hata yawe matamu namna gani, chakula hakipati nafasi.

Hapa hatuna budi kuwagusa akina baba, na watatusamehe. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba, paja ni la baba au la mgeni, na mtoto hupewa shingo anyonyenyonye. Maini ya kuku ni laini, hayahitaji meno, na yana madini ya chuma na vitamini A kwa wingi. Ni chakula cha mtoto hasa. Baba anayesema "maini haya mpondeeni huyu mdogo" hajapunguziwa heshima yake hata kidogo. Tunawajua akina baba wawili watatu wanaofanya hivyo, na hatujasikia wamechekwa baraza lolote.

Lakini si kila nyumba ina kuku wa kuchinja, na wengine wanao ila wanawapeleka Dar es Salaam wapate fedha za sare za shule. Hatuwalaumu. Ndiyo sababu supu tunayoisifu sisi kwa kipupwe hiki ni ya kunde, kwa kuwa ndizo zinavunwa sasa na gunia liko ndani. Kwa familia ya watu sita, chukua vikombe viwili vya kunde kavu, uziloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale, uchemshe kwa maji mapya mpaka kunde zipondeke ukizibonyeza kwa vidole. Wengi huharakisha hapa ili kuokoa kuni, na kunde ngumu ndizo zinazowatia watoto gesi na kuwapa bibi zetu sababu ya kuwanyima. Afadhali kuloweka zaidi kuliko kuepua mapema.

Zikishalainika, tia kipande cha boga la njano na viazi vitamu viwili vilivyokatwa vidogo, kitunguu, nyanya, na tui jepesi la kukamua mara ya pili. Wakati vinaiva, chukua kikombe cha dagaa wakavu, waoshe mara mbili tatu hadi mchanga uishe, wakaange bila mafuta mpaka wakauke, kisha uwatwange wawe unga. Unga huo unaingia wote sufuriani, vichwa na mifupa yake, na hapo ndipo chokaa ya kweli inapatikana kwa bei nafuu kuliko mfupa wa buchani. Mwishoni weka majani ya kunde, ya maboga au mchicha. Yaoshe kabla ya kuyakata, si baada, na yakae motoni dakika chache tu, maana yakipikwa mno vitamini zake hupungua. Malizia kwa tui zito ukikoroga polepole lisikatike. Tui si anasa. Mwili unahitaji mafuta ili uweze kuchukua vitamini A ya boga na ya majani.

Chumvi iwe yenye madini joto, nayo itiwe karibu na kuepua. Vile vidonge vya kukolezea mchuzi vina chumvi nyingi. Dagaa na kitunguu vinatosha, na mwenye shinikizo la damu aviache kabisa. Muhogo ukitaka uutie, lakini uwe ule mtamu uliomenywa na kuiva sawasawa. Muhogo mchungu usiingie katika sufuria hii.

Sasa sehemu ya mtoto. Kabla ya miezi sita hahitaji supu wala maji. Maziwa ya mama yanamtosha. Akitimiza miezi sita, mpakulie kutoka chini ya sufuria, si juu, uponde kunde, boga, majani na yote yaliyomo kwa mwiko au katika kinu kidogo kisafi. Chakula chake kiwe kizito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kumwagika. Aanze na vijiko viwili vitatu vya chakula kila mlo, aongezwe polepole hadi nusu kikombe cha mililita 250. Akifika mwaka mmoja apate robo tatu ya kikombe hicho mpaka kikombe kizima, mara tatu au nne kwa siku, na kunyonya kuendelee. Awe na bakuli lake mwenyewe. Katika sinia la pamoja kaka zake wana mikono mirefu kuliko yeye, na mama hawezi kujua amekula kiasi gani. Baada ya kula, mpe chungwa. Linausaidia mwili kuchukua madini ya chuma ya kunde, na wakati huu machungwa yanapita hapa kwa malori kwenda mjini mbele ya macho ya watoto wetu.

Mtoto akiwa na mafua na kikohozi cha kipupwe, aendelee kula hivyohivyo, kidogokidogo mara nyingi, na akipona aongezewe mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili. Lakini supu si dawa ya nimonia. Mhesabie pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Ikiwa ni 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi miwili hadi asiyetimiza mwaka, au 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, mpelekeni zahanati. Aliye chini ya miezi miwili akiumwa kifua asisubiri kuhesabiwa. Vivyo hivyo kwa mtoto yeyote ambaye kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, au anayeshindwa kunyonya. Mpelekeni siku hiyohiyo, usiku ule ule ikibidi, bila kungoja supu iive.

Yule mtoto wetu alikaa wodini karibu mwezi mmoja. Uvimbe ulipokwisha akaonekana mdogo kuliko alivyokuja, na bibi akaogopa, mpaka mizani ilipoanza kupanda. Siku ya kuondoka tulipika pamoja naye sufuria hii hii nyuma ya wodi, juu ya mafiga matatu. Alikubali kila kitu isipokuwa kuacha kuchuja. Mkono ulikuwa umezoea, akachukua kichujio mara mbili bila kufahamu. Mara ya pili alikicheka mwenyewe, akakiweka chini, akamwita mama wa mtoto aje aponde.

Supu ikibaki usiku, msiiache hadi kesho mkidhani baridi ya kipupwe inaihifadhi. Yenye tui huchacha upesi. Ni heri kupika kidogo na kuimaliza. Ile isiyotiwa tui bado ifunikwe, na asubuhi ichemshwe mpaka itokote kabisa kabla mtoto hajapewa.