Mbio za Mzazi Asiye na Nafasi

Kuruti hakimbii kwa kupenda. Filimbi hulia kabla ya mapambazuko, kikosi chote hutoka kwa mchakamchaka huku kikiimba, na yule anayebaki nyuma hujua yatakayompata. Miezi ya mafunzo inapokwisha mwili wake huwa umekazika na pumzi zake ni ndefu. Lakini askari huyo huyo, miaka kumi baadaye, akiwa amepata cheo, mke, watoto wanne na kiti nyuma ya meza ya ofisi, aghalabu huanza kutafuta tundu jipya katika mshipi wa sare. Mwanzoni wenzake humtania kwamba ni kitambi cha madaraka. Kisha siku moja hupimwa presha katika zahanati ya kambi, na tabibu hurudia kipimo mara ya pili bila kusema neno.

Wengi humwita mtu wa namna hiyo mvivu, nao humwonea. Mbio zile za ukuruti zilikuwa mali ya filimbi. Filimbi iliponyamaza, na mbio nazo zikakoma. Hakuna aliyemfundisha kukimbia siku ambayo hakuna anayemwamuru, tena siku ambayo mtoto ana homa, zamu imebadilishwa usiku, na maji ya bomba yamekatika.

Kwamba kukaa kitako kunadhuru moyo si habari ya jana. Mwaka 1953 daktari Mwingereza, Jeremy Morris, pamoja na wenzake, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa kutwa nzima. Makondakta walipanda na kushuka ngazi kutwa nzima. Watu hao walifanya kazi katika gari moja, wakavuta hewa moja, lakini makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Hali kama hiyo ilionekana pia kwa watarishi wa posta waliotembea kupeleka barua, walipolinganishwa na makarani wa ofisini. Kondakta hakuwa mwanariadha. Alikuwa akipanda ngazi tu, kila siku, kwa kuwa kazi ilimtaka hivyo.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limependekeza kwamba mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa juma za mwendo wa kiasi, kama vile kutembea kwa haraka, au dakika 75 hadi 150 za jasho jingi, kama vile kukimbia. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Mwongozo wa awali ulitaka kila kipindi kisipungue dakika kumi. Ule wa 2020 uliondoa sharti hilo, kwa hiyo hata dakika tano za kupanda kilima huhesabiwa. Hii ni bishara njema kwa mzazi, ambaye nusu saa nzima isiyoingiliwa ni anasa kwake. Ama zile hatua 10,000 zinazotajwa kila mahali, chanzo chake ni kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965 kwa jina lenye maana ya hatua elfu kumi. Ni hesabu nzuri, lakini ilianzia dukani, na hakuna haja ya mtu kukosa usingizi kwa kuwa amefikisha elfu saba.

Achukuliwe kwa mfano sajini wa polisi mjini Kampala, anayekaa kambini na familia yake. Mkewe ana meza ya nyanya na vitunguu sokoni. Kitinda mimba wao ana miaka miwili. Sajini huyo huamua, kama wengi waamuavyo kila Januari, kwamba ataamka saa kumi na moja alfajiri akimbie. Juma la kwanza hufaulu. Juma la pili hupangiwa zamu ya usiku, na saa kumi na moja alfajiri humkuta angali lindoni na bunduki begani. Juma la tatu viatu huwa vimerudi uvunguni.

Kosa lake ni kuifunga tabia kwenye saa, hali saa za askari si zake. Afadhali aifunge kwenye tendo ambalo hulifanya kila siku, zamu iwe ya mchana au ya usiku: kuvua buti. Anapovua buti, kabla hajakaa kitini na kabla hajapewa chai, huvaa raba na kutoka. Akiketi kwanza, siku imekwisha.

Jambo hili limechunguzwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha London walichapisha uchunguzi juu ya watu 96, ambao kila mmoja alichagua tendo dogo akalifunga kwenye jambo la kila siku, mathalani baada ya kifungua kinywa. Ilionekana kwamba siku 66 ndizo zilizokuwa za katikati kabla tendo halijawa la kujiendea lenyewe. Wapo waliokadiriwa kuchukua siku 18, na wapo waliokadiriwa kuhitaji 254. Basi yule anayejilaumu kwa kuwa mwezi umekwisha na bado anajilazimisha, hajashindwa; yuko njiani. Uchunguzi huo ulionyesha pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Mzazi atakosa siku, hilo ni yakini, kwa maana mtoto akishikwa na homa ya malaria hapana baba wala mama atakayekwenda kukimbia. La kuangalia ni ile siku inayofuata.

Mwendo wenyewe uanze kwa unyenyekevu. Aliyekaa miaka kumi bila mbio asijipime kwa ujana wake. Majuma mawili ya kwanza atembee tu, kwa haraka, dakika kumi hadi ishirini. Baadaye achanganye: dakika moja ya mbio za polepole, dakika mbili za kutembea, mara sita au saba, kisha arudi nyumbani hata kama anajiona bado ana nguvu. Kipimo cha kasi hakihitaji saa: mtu akiweza kuzungumza lakini asiweze kuimba, huo ndio mwendo wa kiasi. Mwenye presha ya juu, kisukari au maumivu ya kifua amwone tabibu kwanza. Na mwenye homa apumzike.

Askari wengi wa Uganda wanapofikiria mbio humfikiria John Akii-Bua, polisi aliyeshinda mita 400 kuruka viunzi huko Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, akavunja rekodi ya dunia na kuipatia nchi nishani yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki. Baada yake wakaja Stephen Kiprotich wa Magereza, aliyeshinda marathoni London mwaka 2012, na Joshua Cheptegei wa Polisi. Ni fahari kubwa kwa vikosi. Hata hivyo mabingwa hao wana makocha na ratiba, na mazoezi ndiyo kazi yao. Sajini mwenye watoto wanne akitaka kuwaiga atavimba magoti kabla ya mwisho wa mwezi.

Liko swali jingine ambalo wanaume hawapendi kuliulizwa: baba anapotoka kukimbia, nani anakoroga uji? Katika nyumba nyingi za kambini mazoezi ya baba hulipiwa na mama, naye mama huambiwa kwamba kwenda kwake sokoni ndiyo mazoezi yake. Ni kweli kwamba kubeba maji, kufua na kutembea sokoni ni kazi ya mwili, na mwongozo uliotajwa huihesabu. Lakini kazi hiyo hufanywa huku akili ikiwa kwenye deni la duka na mtoto aliye mgongoni. Nusu saa ya kutembea mikono mitupu ni kitu kingine, na mama anaistahili vilevile. Njia iliyo ya haki ni kugawana siku: Jumatatu na Alhamisi baba hubaki na watoto, mama hutoka, Jumanne na Ijumaa zamu hugeuka. Zamu ya kazi ikivuruga mpango, deni hulipwa Jumapili. Majirani watauliza mke wa afande anakimbia nini. Watauliza kwa majuma mawili, kisha mmoja wao ataomba kuandamana naye. Na ni vyema waandamane, hasa kukiwa na giza, au wazunguke uwanja wa gwaride kama mkuu wa kambi ameruhusu. Mama aliyejifungua karibuni aanze kwa kutembea, na asikimbie kabla ya kuzungumza na mkunga.

Watoto wasiachwe nje ya mpango huu. Wenye miaka 5 hadi 17 wanapendekezewa wastani wa saa nzima ya michezo kila siku, na safari ya kwenda shule kwa miguu pamoja na mzazi huwafaa wote.

Kampala ina vilima vya kutosha. Anayepanda kimoja kwa haraka hana haja ya kukimbia siku hiyo. Kwa kuwa magari na bodaboda hupita kushoto, mwenda kwa miguu ashike upande wa kulia ayaone yanayomjia, na alfajiri avae nguo nyeupe. Raba za mtumba zafaa, mradi soli haijalika upande mmoja na kidole gumba hakigusi mbele. Mvua za Machi hadi Mei zisiwe udhuru: Aprili 2020, watu walipokatazwa kufanya mazoezi nje kwa ajili ya korona, Rais Museveni alionekana katika filamu fupi akikimbia pekupeku ndani ya chumba na kupiga pushapu. Chumba cha kambini ni kidogo kuliko kile, lakini meza ikisogezwa ukutani panapatikana hatua sita za kwenda na sita za kurudi, na kitinda mimba atakuwa wa kwanza kujiunga.