Breki Si Mahali pa Kubania Pesa



Braketi ya kalipa ndiyo inayoshika pedi za breki. Ikilika kwenye pikapu kuukuu, pedi hucheza au kukwama, na gari huvuta upande mmoja. Tajiri humwambia fundi ajazie kwa kuchomelea, apige tupa, gari lirudi kazini. Hiyo si akiba: chuma cha kusubu kikichomelewa ovyo hupata ufa. Kutu isuguliwe, pini zitiwe grisi, lakini braketi iliyolika sana ibadilishwe.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake juu ya hatari kubwa. Basi fundi na dereva, semeni kwa sauti moja. Spea hununuliwa dukani, roho hainunuliwi.